Aliyeitengeneza Sabufa

Gari jeupe lilipoingia kuoshwa, Dokta Mdundo alikuwa amekaa mlangoni mwa kibanda chake, anakula karanga na kufikiria njaa ya kesho.

Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa daktari wa muziki wa magari, cheo alichojipa mwenyewe asubuhi moja na ambacho hakuna aliyekipinga. Alivaa koti jeupe alilolinunua kwa muuza nyama aliyefunga bucha, na shingoni alining'iniza kipimo cha umeme chenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Kipimo hicho hakikuwa na betri tangu siku aliyokinunua. Wateja waliambiwa kwamba ugonjwa ukiwa mkubwa kipimo hukataa kusema, nao waliona ni jambo la busara.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mwenye gari analeta gari lioshwe. Muoshaji, kijana mwembamba aliyeitwa Povu, anafungua buti, sehemu ya mizigo ya nyuma, ili afute vumbi. Humo kuna sabufa, ile spika kubwa ya kutoa mdundo, na pembeni yake amplifaya inayoipa nguvu. Kwenye amplifaya kuna waya mwembamba wa bluu unaotoka kwenye redio, na kazi yake ni kuiambia amplifaya iamke. Povu anauchomoa kidogo tu, kama mtu anayetoa unyuzi kwenye shati la mwenzake. Mwenye gari anawasha redio, mdundo hakuna. Anashangaa, anazima, anawasha tena, anapiga dashibodi kofi. Ndipo Dokta anapopita, kwa bahati kabisa, akiwa na koti lake.

"Pole, kaka. Imekufa usingizini."

Basi Dokta anamwondolea mteja maiti na kumuuzia amplifaya nyingine "iliyotoka nje juzi", ambayo kwa kweli ilitoka kwenye gari la mtu mwingine juzi. Amplifaya ya muuza samaki ilihamia kwa mwalimu, ya mwalimu ikaenda kwa dereva wa lori, na ya dereva wa lori ikaishia kwa muuza samaki, aliyesema kwamba hii kwa kweli ni bora kuliko ile ya kwanza. Hakuna aliyelala bila muziki. Dokta aliijua kazi ya waya wa bluu, na kuhusu umeme hakujua kitu kingine chochote. Wapo watu walioishi vizuri kwa kujua vichache zaidi.

Lakini wiki ile mambo yalikuwa yamembana. Mwenye kiwanja cha kuoshea magari alitaka kuweka tangi la maji mahali pa kibanda, na alikuwa ameshasema Jumamosi ikimkuta Dokta pale, tangi litawekwa juu yake. Dokta alizunguka mji mzima akitafuta chumba cha duka. Kila mwenye nyumba alilitazama lile koti, kisha akataka kodi ya mwaka mzima.

Povu alikuja mbio, mikono inachuruzika maji.

"Dokta, hebu acha karanga. Kwenye buti ya yule mzee wa gari jeupe kuna sabufa pana kama sufuria ya harusi. Na amplifaya yake, mimi sijawahi kuona. Ina mapezi mgongoni kama samaki."

"Waya umeshauchomoa?"

"Ndiyo nilitaka kuuchomoa, nikamsikia mzee anamwambia binti yake, hiki kitu hakijalia tangu mwaka jana."

"Yaani hujagusa?"

"Sijagusa."

"Na haitoi sauti?"

"Hata ya kukohoa."

Dokta alisimama, akajikung'uta maganda ya karanga. Tangu aanze kazi alikuwa hajawahi kukutana na amplifaya iliyonyamaza bila Povu kuinyamazisha. Mtu mwangalifu angeogopa. Dokta alijua jambo moja tu, kwamba kila amplifaya bubu ni nzima, na alilijua kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote.

"Povu," akasema, "leo tumepunguziwa kazi."

Mwenye gari alikuwa mzee mpole, kofia ya sufu kichwani, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Shingoni alivaa kamba yenye ufunguo. Binti yake, mwanamke wa makamo mwenye mashavu ya kucheka, alikuwa amekaa kiti cha mbele, viatu kavua, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari?"

"Watu ndivyo wanavyosema."

"Basi hebu nisikilize. Redio inawaka. Taa ya amplifaya inawaka, ile pale, ya kijani. Fyuzi nzima. Sauti hakuna. Nimezunguka kwa mafundi mpaka nimewachoka. Kila mmoja anasema imekufa, kumbe anataka aichukue yeye."

"Watu wabaya, mzee."

"Wabaya sana, mwanangu. Sijui wanalelewa wapi."

Dokta aliinama ndani ya buti. Aliweka sikio kwenye boksi la sabufa, akaligonga kwa kidole, akafumba macho.

"Inasemaje?" binti aliuliza bila kugeuka.

"Inalalamika, dada."

"Mbona sisi hatuisikii?"

"Inalalamika kwa ndani."

Binti akatupa harage bovu dirishani. Dokta akapenyeza vidole nyuma ya amplifaya kutafuta waya wake wa bluu, akitegemea kuukuta umelegea. Ulikuwa umekaza sawasawa. Akauchomoa, akaurudisha. Kimya. Akautikisa. Kimya. Akaupuliza, maana aliwahi kumwona mtu akipuliza kitu. Kimya kilekile. Jasho likaanza kumtoka chini ya koti la bucha.

"Vipi, daktari?"

"Ugonjwa mkubwa huu, mzee. Ona, hata kipimo kimekataa kusema."

Mzee akashusha pumzi, mkono wake ukaenda kwenye ufunguo wa shingoni.

"Mwanangu, nikwambie kitu. Mimi nina nyumba pale barabara kubwa, jirani na duka la dawa. Mbele ina chumba cha duka. Kodi yake siitaki, nimezeeka, ya nini? Ninachotaka ni muziki, na fundi mmoja mkweli wa kukaa pale, gari ikinisumbua nimwone. Nimeshaapa mbele ya mwanangu huyu. Atakayeifanya hii kitu ilie, ufunguo ni wake."

"Baba naye," binti akasema. "Kila mtu unamwambia siri zako."

"Huyu ana uso mzuri."

Dokta alikitazama kibanda chake, bati lake moja lililoinuka kama kofia ya mlevi. Kisha akautazama ufunguo.

"Umesema kodi huitaki?"

"Siitaki."

"Mzee, mimi si mtu wa kupenda vitu vya watu," Dokta akasema, na kwa dakika hiyo aliamini kabisa. "Lakini muziki wa mzee wangu lazima ulie."

Jioni ile wakampeleka kukiona chumba. Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa, mbele pana kibaraza cha saruji, watu wanapita kwa wingi kama walioitwa. Mzee alisema mpangaji anamalizia kuhamisha vitu vyake, si vizuri kumfungulia mwenyewe hayupo. Dokta alimsifu kwa adabu hiyo. Binti alipangusa vumbi kwenye kitasa kwa ncha ya khanga yake. Dokta alipouona mkono ule ukipangusa kitasa, alianza kufikiria mambo mengine zaidi ya duka, lakini hayo tuyaache.

Asubuhi iliyofuata akafungua kabati lake. Mpango wake ulikuwa mwepesi: atatia amplifaya yake moja kwenye gari la mzee, sauti itatoka, atapata chumba, na ile yenye mapezi ataibeba kama maiti. Akachagua iliyo dhaifu kuliko zote, ya rangi ya kijivu, ambayo hata muuza samaki aliwahi kuikataa.

Binti alikuwa amekaa palepale mbele, leo na mchicha.

"Dada, si ushuke ukae kivulini? Jua kali hilo."

"Hapa panatosha, kaka. Miguu inaniuma."

Dokta akafunga ile ya kijivu. Mzee akawasha redio. Kimya.

Dokta alijua ile ya kijivu ilikuwa nzima, maana aliyeinyamazisha alikuwa Povu. Akaitoa, akatia ya pili, nyeusi, nzuri kidogo. Kimya. Hapo akakaa kwenye ukingo wa buti akafikiri, na mawazo yake yalikwenda hivi: hizi mbili najua ni nzima, nazo zimenyamaza, basi na ile yenye mapezi, iliyonyamaza vilevile, ni nzima. Aliona amefikiri vizuri sana. Kilichokosekana, akaamua, ni nguvu. Sabufa pana kama ile haiamshwi na vitoto.

Mzee alikuwa ameshaanza kufunga buti taratibu.

"Umejitahidi, mwanangu. Nimesikia upande wa pili wa mji kuna fundi mwingine, naye ana koti."

"Mzee, subiri. Povu, nenda kaniletee ile nyekundu."

Povu alisimama na kitambaa chake.

"Ile nyekundu?"

"Ile nyekundu."

"Dokta, si ulisema ile utazikwa nayo?"

"Nitazikwa dukani kwangu. Kailete."

Nyekundu ilikuwa fahari ya kabati. Ilikuwa nzito, inang'aa, na Dokta alikuwa ameinyima wateja watatu waliopiga magoti. Aliipakata kabla ya kuiachia.

"Sasa mzee, hii nakupa kwa moyo. Ila ile yenye mapezi ni marehemu. Niachie nikakuzikie."

"Ichukue, mwanangu. Ya nini kutembea na maiti kwenye gari?"

Nusura Dokta ambusu. Akafunga nyaya za nyekundu. Mzee akawasha redio.

Mdundo ulitoka kama mtu aliyeruka kutoka kitandani. Maji ya sabuni ndani ya ndoo yalicheza, kioo cha kibanda kikalia, njiwa juu ya bati wakaondoka bila kuaga. Mwenye kiwanja alitoka ofisini akiwa na kijiko mkononi, akasimama, kichwa kikaanza kumcheza chenyewe. Kwenye kiti cha mbele binti alikuwa anatikisa mguu, kucha zimepakwa rangi, akifuata mdundo bila kukosea.

Mzee alifuta machozi. Alivua kamba shingoni, akamvisha Dokta kama mtu anayevisha nishani.

"Kilikuwa nini, mwanangu?"

"Nguvu, mzee," Dokta akasema. "Wengine wote hawakuijua. Ilikuwa inakosa nguvu."

"Njoo Jumamosi asubuhi na ubao wako wa jina. Mpangaji atakuwa ameondoka. Usichelewe, nataka niwepo mwenyewe nikukaribishe."

Gari likaondoka. Mdundo uliendelea kusikika mpaka kule kwenye mzunguko wa barabara, na Dokta alisimama akiusikiliza kwa uso wa mzazi.

Ijumaa akabomoa kibanda. Mabati akamuuzia muuza mkaa, kabati akampa Povu, akamwambia mwenye kiwanja maneno aliyokuwa akiyatunza muda mrefu, mazuri machache na mabaya mengi. Ile amplifaya yenye mapezi hakuiuza. Aliifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga, akasema itakaa dirishani kwenye duka jipya, watu wajue wamefika kwa nani.

Jumamosi walitoka mapema. Dokta mbele, koti limefuliwa na kupigwa pasi, amplifaya kifuani. Povu nyuma, ubao kichwani: DOKTA MDUNDO, HOSPITALI YA MUZIKI.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Ndani, mwanamke mmoja fundi cherehani alikuwa anashona sare za shule, mguu kwenye pedeli, pini mdomoni. Juu ya kibaraza walikuwa wamesimama wanaume watatu, kila mmoja na ubao wake, kila mmoja na kamba ya ufunguo shingoni. Wawili walivaa makoti meupe. Wa tatu, mnene, alivaa la bluu, na wenzake walikuwa wanamtazama kama tapeli.

"Samahani, jamani," Dokta akasema. "Nyie ndio mnamsaidia mpangaji kuhama?"

"Mpangaji wa nini?" akauliza mmoja wao, fundi mrefu. "Mimi ndiye mpangaji. Ufunguo huu hapa."

"Na wangu huu hapa," akasema mwenzake, fundi wa miwani.

Fundi cherehani alitoa pini mdomoni.

"Mmejaribu funguo zote nne?"

"Zetu tatu tu, mama, huyu ndiyo kafika," akajibu yule mnene.

Dokta akaingiza wake kwenye kitasa. Haukuzunguka hata kidogo. Aliulazimisha kwa heshima, kisha bila heshima.

"Chumba hiki nakilipia kodi tangu mwanangu wa kwanza anajifunza kutambaa," mama akasema, "na mwenye nyumba ni mjane anakaa juu pale. Huyo mzee wenu simjui. Nimemwona tu jioni nikishafunga, anapita na watu wenye makoti, anawaonyesha mlango wangu kama kivutio."

Fundi wa miwani akasema kwa sauti ya chini:

"Na nyie pia iligoma kulia?"

"Iligoma," akasema mrefu. "Niliweka sabufa ndogo ikagoma, nikaweka ya kati ikagoma. Nikaweka ile kubwa niliyokuwa nayo dukani, ikalia."

"Mimi redio," akasema mnene. "Nimeweka mbili ikakataa. Nikatia ile yenye kioo, ikalia papo hapo. Nikamwambia mzee kilikuwa kioo."

"Nyaya zote mpya, mimi," akasema wa miwani. "Zile nene, za shaba tupu."

Dokta akauliza: "Na yule binti?"

"Alikaa mbele," akasema mrefu.

"Kwangu pia alikaa mbele. Nilimwambia ashuke akae kivulini," akasema Dokta.

"Miguu ilikuwa inamuuma," akasema mnene.

"Hata kwangu."

Fundi wa miwani alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Chini ya zulia, upande wake, kuna swichi," akasema. "Niliiona wakati nalaza nyaya. Nikadhani ni ya kufungulia buti."

Kila mmoja alikuwa anauona mguu ule, kucha zimepakwa rangi, umetulia juu ya zulia, unasubiri kitu kizuri kiingie kwenye gari ndipo uiachie sauti.

"Lakini mimi nina mali," Dokta akasema, akifungua shuka haraka. "Mimi sikutoka mikono mitupu. Nilichukua ile yenye mapezi."

"Hiyo naijua," akasema mrefu. "Gari lilipokuja kwangu ilikuwa nzima, ndiyo iliyoiliza sabufa yangu."

Povu akatoa bisibisi mfukoni. Wakafungua kifuniko, vichwa vitano vimeinama. Ndani palikuwa na kigae cha sakafu, kipande cha blanketi cha kukizuia kisigonge, na kijitaa cha kijani kilichofungwa kwa nyaya mbili. Kigae kilikuwa kizuri, chenye maua.

"Dokta," Povu akasema pole pole, "hii moja kweli ilikuwa imekufa."

"Nyamaza, Povu."

"Nasema tu. Ndiyo ya kwanza tumepata."

Mnene ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka koti lake la bluu likatoa kifungo, na mrefu akamfuata. Dokta alikaza uso kwa kadiri alivyoweza. Akafikiria kibanda kilichobomolewa, tangi la maji, na maneno aliyomwambia mwenye kiwanja, ambayo hayakuwa ya kurudishwa. Kisha akakumbuka alivyoupuliza ule waya wa bluu mbele ya mzee, na mzee alivyokuwa akimtazama kwa upole, na kicheko kikamtoka puani.

Fundi cherehani aliwaangalia wote, akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo nyote nyie ni mafundi wa redio?"

"Ndiyo, mama," wakasema.

"Basi mmekuja vizuri. Hii yangu hapa rafuni imenyamaza tangu juzi. Taa inawaka, sauti haitoki. Hebu mmoja aitazame, mimi nitawapa chai."

Makoti manne yaligeukia rafu. Palikuwa na kiredio kidogo cha plastiki, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Mrefu alimtazama wa miwani. Wa miwani alimtazama mnene. Mnene aliitazama dari. Dokta aliweka sikio kwenye kiredio, akakigonga kwa kidole, akapapasa nyuma yake kutafuta waya wa bluu. Hapakuwa na waya wa bluu.

"Inalalamika, mama," akasema. "Kwa ndani."

Ndipo mikasi ilipoanza kulia juu ya meza. Pini zikacheza ndani ya kopo. Mdundo ulikuja kutoka mwanzo wa barabara, mzito, safi, usiokwaruza hata chembe, na gari jeupe likapita mbele ya kibaraza bila haraka. Mzee alikuwa kwenye usukani, kofia kichwani. Binti aliinua mkono akawapungia, kwa adabu, kama mtu anayewapungia majirani.

Wakasimama wote, wanasikiliza, mpaka gari likakata kona.

Mama fundi cherehani alikuwa ameacha kushona. Alitikisa kichwa kwa kusifu.

"Jamani, hiyo ndiyo sauti," akasema. "Hiyo gari kaitengeneza fundi gani?"

Na mafundi wote wanne wakajibu kwa pamoja:

"Mimi."